Masika yakikaribia: matuta ya mboga au banda la kuku uani?

Kila mwaka kati ya Februari na Machi swali hurudi. Joto la Dar es Salaam bado linachoma, mawingu yameanza kujikusanya, na nyuma ya nyumba kuna kipande kimekaa bure: tuseme mita 6 kwa 5, ukuta wa jirani upande mmoja, kamba ya nguo upande wa pili, mfuniko wa karo kwenye kona. Kifanywe nini? Nusu ya watu watakwambia panda mchicha, nusu watakwambia fuga kuku, na kila mmoja ana mfano wa mtu aliyefanikiwa.

Tuanze na jibu: anayeanza kabisa apande mboga Machi na alete kuku kuanzia Juni. Mwenye banda tayari, paa lisilovuja na mtu anayeshinda nyumbani anaweza kugeuza mpangilio huo. Sababu ziko hapa chini, na si zote za fedha.

Mvua ndiyo mwamuzi

Masika ya pwani huanza Machi na kuishia Mei, kilele chake kikiwa Aprili. Mboga za majani zinaipenda mvua hiyo kwa kiasi. Kifaranga haipendi hata kidogo. Ila kabla ya kuchagua kati ya jani na manyoya, tazama maji ya uwanja wako yanaelekea wapi. Bati la mita za mraba 60 likipigwa na mvua ya milimita 50 usiku mmoja linamwaga lita 3,000. Kama nyumba haina gata, lita hizo zote zinaangukia mstari mmoja, na mara nyingi hapo hapo ndipo mtu alipopanga kuweka tuta la kwanza au nguzo ya banda.

Pima hivi mvua hazijaanza: chimba shimo la sentimita 30, lijaze maji, yaache yanywewe yote, kisha lijaze tena na uangalie saa. Udongo wa kichanga hunywa maji hayo ndani ya saa moja au mbili. Baada ya saa nne maji yakiwa bado yamesimama, una udongo mzito au maji ya chini yako karibu. Kwa mboga hilo linatibika kwa jembe: inua tuta sentimita 20 hadi 30, chimba njia za maji pembeni, basi. Kwa kuku dawa yake ni saruji na kifusi, maana sakafu ya banda lazima ikae juu ya uwanja kwa sentimita 30 hivi. Kwa hiyo kipimo hiki cha shimo kinakupa tofauti ya kwanza ya gharama hata kabla hujaingia dukani.

Na karo. Wakati wa masika makaro mengi mjini hufurika, na maji hayo yakipita kwenye tuta la mboga zinazoliwa bila kupikwa sana, umejitafutia ugonjwa. Mboga zikae upande wa juu wa mkondo, kuku upande wa chini. Kama karo lako liko upande wa juu, tumia ndoo na magunia kwa mboga badala ya matuta ya chini.

Kinachofika mezani, na lini

Mchicha unang'olewa siku ya 21 hadi 28 tangu kupandwa. Hakuna kuku anayeshindana na hilo. Matembele yaliyopandwa kwa marando yanaanza kuchumwa wiki ya nne au ya tano, kisha kila baada ya wiki mbili. Chainizi iliyohamishwa kutoka kitaluni huchukua wiki nne hadi sita. Bamia huanza siku ya 50 hadi 60, na ukishaanza kuvuna huna budi kuvuna kila baada ya siku mbili, la sivyo inakomaa na kuwa kamba.

Kuku wa mayai wa kisasa aliyeingia akiwa kifaranga cha siku moja anataga wiki ya 18 hadi 20. Chotara kama Kuroiler na Sasso huvuka hapo, miezi mitano au zaidi. Kifaranga cha Machi kinakupa yai la kwanza Julai au Agosti, na kwa miezi yote hiyo anakula tu. Wengi hukata tamaa mwezi wa tatu, kuku wakiwa wakubwa wa kutosha kumaliza chakula lakini si wakubwa wa kutaga. Tiba ipo: nunua mitetea ya wiki nane iliyokwisha kuchanjwa. Bei kwa mmoja ni kubwa, lakini unaruka wiki zenye vifo vingi, unaruka gharama ya taa au makaa, na ukiichukua Juni mwanzoni, mayai yanaanza mwishoni mwa Agosti au Septemba.

| | Mboga (mita za mraba 15 za matuta) | Kuku 15 wa mayai |
|---|---|---|
| Mavuno ya kwanza | wiki 3 hadi 5 | wiki 18 hadi 20 toka kifaranga |
| Eneo | matuta matatu ya mita 1 kwa 5, na njia | banda la mita za mraba 3 hadi 4 |
| Chakula au mbolea ya kuanzia | ndoo 3 hadi 5 za samadi iliyoiva | kilo 105 hivi kabla ya yai la kwanza |
| Kukosa kuhudumia siku 2 | masika: si tatizo | hasara, au vifo |
| Adui mkuu wa masika | kinyausi (ukungu unaoangusha miche), konokono, matone mazito | maranda mabichi, baridi ya usiku, mbu |
| Ukikosea | unapanda upya | unazika |

Mboga: zipi ziingie masika, zipi zisubiri

Kosa la kawaida ni kupanda nyanya Machi kwa sababu "mvua imefika". Nyanya haitaki majani yake yalale yamelowa. Ukungu wa majani, mnyauko wa bakteria na matunda yanayopasuka vinakuja pamoja mwezi wa Aprili, na dawa unayopulizia asubuhi inasafishwa na mvua ya saa nane. Sia mbegu za nyanya mwishoni mwa Mei, hamisha miche Juni, uvune kuanzia Agosti wakati hewa imekauka. Tengeru 97 na Tanya ni aina zilizozoeleka nchini na mbegu zake ni rahisi kupata. Ukishindwa kusubiri, panda mche mmoja kwenye ndoo ya lita 20 iliyotobolewa chini, uiweke chini ya paa la veranda ambako jua linafika na mvua haifiki.

Zinazostahili nafasi ya Machi na Aprili ni matembele, mchicha, kunde za majani, bamia, nyanya chungu na maboga kama una ukuta wa kuyatambaza. Matembele ndiyo yanayofaa kuliko yote na ndiyo yanayodharauliwa kuliko yote. Kata marando ya sentimita 25 hadi 30 yenye vifundo vitatu au vinne, fukia theluthi mbili, acha sentimita 25 kati ya rando na rando. Mvua inafanya kazi iliyobaki. Hayahitaji mbegu, hayaoni kinyausi, na jirani yeyote mwenye nayo atakupa marando bure.

Mchicha una ufundi kidogo. Tuta la mita 1 kwa 5 linatosha upana: unalifikia katikati kutoka kila upande bila kulikanyaga. Tandaza ndoo moja hadi moja na nusu ya lita 20 ya samadi iliyoiva, changanya na udongo wa juu sentimita 15. Kijiko kimoja cha chai cha mbegu kinatosha tuta zima. Mbegu ni ndogo mno kiasi kwamba mkono wenyewe hauwezi kuzisambaza sawa, kwa hiyo zichanganye na vikombe viwili vya mchanga mkavu kwanza, halafu nyunyiza kwenye vifereji vya kina cha nusu sentimita, umbali wa sentimita 15 hadi 20. Funika kwa nyasi kavu nyepesi. Siku ya nne au ya tano miche inachungulia. Ondoa nyasi jioni hiyo hiyo, usingoje kesho, maana miche iliyozidi kukaa gizani inarefuka na kulegea.

Hapa ndipo kinyausi kinapoingia. Unaamka asubuhi, unaona miche imelala kama iliyokatwa kwa uzi usawa wa udongo, ukiishika shina limekuwa jembamba na jeusi. Ni ukungu wa udongoni, na chanzo chake ni vitu viwili: mbegu zilizobanana na udongo usiokauka juu. Mimina maji ya jioni wakati mvua yenyewe imenyesha na umeualika. Dawa bora ni kupanda kwa nafasi, kuinua tuta, na kuacha sehemu ya juu ya udongo ipumue. Miche iliyokwisha kulala haifufuki. Ing'oe pamoja na udongo wake, usiipeleke kwenye mboji.

Matone ya mvua ya Aprili ni mazito, yanapiga udongo na kuurushia kwenye majani. Ndiyo maana mchicha wa masika unakuwa na michanga hata ukioshwa mara tatu. Weka matandazo ya nyasi au majani makavu katikati ya mistari miche ikifika urefu wa kidole. Konokono nao hutoka usiku baada ya mvua. Toka na tochi saa tatu usiku, waokote kwa mkono kwenye ndoo yenye maji ya chumvi. Usiku mitatu ya kuokota inaleta nafuu kuliko wiki mbili za kumwaga majivu, kwa sababu majivu yakilowa yanapoteza nguvu. Madoa meupe kama unga upande wa chini wa jani la mchicha ni kutu nyeupe: vuna mapema, na msimu ujao usipande mchicha tuta lile lile. Aina za Madiira 1 na Madiira 2, zilizotoka katika kazi ya kituo cha mboga cha Tengeru, Arusha, zina majani mapana na zinavumilia kuchumwa mara kadhaa, tofauti na mchicha wa kung'oa.

Tuta likitunzwa, mita moja ya mraba hutoa kilo 1 hadi 2 za mchicha kwa mzunguko mmoja. Ukiwa na matuta matatu, usiyapande siku moja. Achanisha wiki moja kati ya tuta na tuta, la sivyo utakuwa na mchicha wa kugawia mtaa mzima wiki ya nne na sufuria tupu wiki ya sita.

Sukuma wiki inaota Dar, lakini Nairobi, Arusha na Mbeya ndiko kwake. Pwani inashambuliwa na vidukari na majani yake huwa magumu. Kwa Nairobi, ambako mvua ndefu huja miezi ile ile ila na baridi, sukuma ndiyo ingekuwa ya kwanza katika orodha na bamia ya mwisho.

Kuku: hapa pana mengi zaidi

Chagua aina kwanza, kwa sababu banda, chakula na hesabu vyote vinafuata hapo. Kuku wa mayai wa kisasa hutaga mayai 280 hadi 300 kwa mwaka akilishwa kamili. Chotara huwa kati ya 150 na 200, lakini majogoo yake yanauzika kwa nyama na anavumilia makosa. Kienyeji halisi hutaga 40 hadi 60, analalia, analea mwenyewe, na kwa kumfungia uani unamnyima kile anachokijua, yaani kutafuta chakula chake. Kwa uwanja wa mita za mraba 30, kienyeji halisi si chaguo la kiuchumi hata kama supu yake haina mpinzani. Kuku wa nyama wa wiki tano tunawaacha: wanabanwa wanane hadi kumi kwa mita ya mraba, na katika unyevu wa Aprili maranda yao yanageuka uji.

Na jogoo hahitajiki kwa mayai. Mtetea anataga bila jogoo. Jogoo anahitajika tu ukitaka vifaranga. Mjini jogoo anayewika saa kumi alfajiri ndiye anayekupeleka kwa mjumbe, si kuku.

Banda la kuku 15 liwe mita 2 kwa 2, au 2 kwa 1.5 kama nafasi imebana, yaani wanne au watano kwa mita ya mraba. Urefu wa banda uelekee mashariki hadi magharibi ili jua lisiingie moja kwa moja. Ukuta wa tofali uishie sentimita 60, juu yake wavu. Paa lizidi ukuta kwa sentimita 60 hadi 90 kila upande. Kuanzia Aprili kusi inaanza kuvuma, na mvua inapiga kwa ubavu, kwa hiyo upande wa kusi uwe na turubai la kushusha usiku na kupandisha asubuhi. Kosa ni kulishusha turubai mchana kutwa "wasipate baridi". Kuku mkubwa mwenye manyoya haogopi baridi ya Dar. Anaogopa hewa nzito.

Kupima hewa hiyo hakuhitaji chombo. Ingia bandani asubuhi kabla ya kufungua, chuchumaa mpaka pua yako iwe usawa wa kichwa cha kuku, kaa hapo kwa muda wa kuhesabu hadi thelathini. Macho yakiwasha, kuku wako wameivuta hewa hiyo usiku kucha, na mafua yako njiani. Kisha shika konzi ya maranda ubane kwa nguvu, ufungue kiganja. Yakibaki donge, yamelowa kupita kiasi. Yakishikana kidogo kisha yakasambaratika, yako sawa. Yakitoka vumbi, yamekauka mno. Wakati wa masika fanya hivyo kila siku mbili, hasa chini ya chombo cha maji, ambako ndipo unyevu huanzia. Toa sehemu iliyolowa, usiigeuze tu, halafu weka maranda makavu. Hii ina maana lazima uwe na magunia mawili ya maranda makavu yaliyohifadhiwa ndani kabla mvua haijaanza, maana Aprili hata maranda ya dukani huuzwa yakiwa mabichi.

Maranda yaliyolowa ndiyo mama wa kuhara damu. Vijidudu vya koksidia vinahitaji joto na unyevu kwa siku moja au mbili tu kuwa tayari kuambukiza, na masika ya pwani yana vyote viwili. Vifaranga vya wiki ya tatu hadi ya sita ndio waathirika: wamejikunyata, mbawa zimeshuka, kinyesi kina damu. Dawa ya amproliamu kwenye maji ya kunywa kwa siku tano hadi saba huwasaidia, ila usipobadilisha maranda, wiki mbili baadaye unaanza upya.

Ratiba ya chanjo kwa ufupi: Mareksi (ugonjwa wa kupooza) kiwandani wanakototolewa siku ya kwanza, mdondo siku ya 7, gumboro siku ya 14, mdondo tena siku ya 21, gumboro tena siku ya 28, ndui kati ya wiki ya 6 na ya 8, kisha mdondo kila miezi mitatu maisha yote. Ndui inaenezwa na mbu, kwa hiyo kifaranga cha Machi kinafikia umri wa chanjo hiyo Mei, mbu wakiwa wameshajaa.

Mara nyingi chanjo "inayokataa" iliharibika kabla ya kumfikia kuku. Chanjo nyingi za maji zinatakiwa kukaa nyuzi 2 hadi 8, na kichupa kilichosafiri mfukoni kwenye daladala kutoka duka la mifugo hadi Mbagala kimekufa njiani. Nenda na chupa ya chai yenye barafu. Maji ya bomba yana klorini inayoua virusi vya chanjo. Tumia maji ya mvua safi, au ya kuchemsha yaliyopoa, ongeza gramu 2.5 za maziwa ya unga yasiyo na mafuta kwa lita, wanyime kuku maji saa moja au mbili kabla, na hakikisha wamemaliza ndani ya saa mbili. Chanjo ya mdondo aina ya I-2 inavumilia joto zaidi kuliko nyingine na hutolewa kwa tone la jicho, jambo linalomfaa mfugaji wa kuku 15. Kwa kuwa kichupa huwa cha dozi 100 au zaidi, panga siku moja na majirani wanaofuga. Mnachangia gharama, na mtaa mzima unakuwa salama kwa pamoja.

Ukiamua kuanza na vifaranga, bruda (boma lenye joto la kulelea vifaranga) ya duara la mita moja inatosha vifaranga 15 hadi 25. Joto wiki ya kwanza liwe nyuzi 32 hadi 35, lishuke nyuzi 3 kila wiki. Tazama wanavyokaa: wakirundikana chini ya taa wana baridi, wakikimbilia ukingoni wakihema wana joto, wakitawanyika na kula wako sawa. Umeme ukikatika usiku wa mvua unahitaji mbadala tayari. Jiko la makaa likitumika, dirisha libaki wazi juu, na mtu asilale chumba hicho. Moshi usioonekana unaua vifaranga na wanadamu vilevile.

Wezi wa masika ni wengi: siafu, panya, kicheche, kunguru. Siafu wanaohamishwa na maji wanaweza kumaliza vifaranga usiku mmoja. Banda la kuinuliwa liwe na miguu iliyosimama ndani ya vikopo vyenye oili chafu, na majani yasiguse kuta zake popote, maana jani moja ni daraja. Kwa kunguru, wavu wa juu ni lazima mpaka vifaranga vifikishe wiki nane.

Hesabu ya trei

Bei hubadilika, kwa hiyo pima kwa kilo. Kuku wa mayai anakula gramu 120 kwa siku. 15 wanakula kilo 1.8. Wakitaga kwa asilimia 80 unaokota mayai 12, yaani trei moja ya mayai 30 kila siku mbili na nusu. Trei moja basi imekula kilo 4.5 za chakula. Nenda dukani, uliza bei ya mfuko wa kilo 50, gawanya kwa 11: hiyo ndiyo gharama ya chakula kwa trei moja. Linganisha na bei ya trei gengeni kwako. Tofauti ikiwa ndogo, bado hujaweka chanjo, maranda, vifo, na kilo 7 alizokula kila kuku kabla ya yai la kwanza. Wakishuka hadi asilimia 60, trei inakula kilo 6, na hapo wengi huwa wanatoa mfukoni bila kujua. Sababu za kushuka ziangaliwe kwa mpangilio huu: maji (kuku mmoja anahitaji robo lita, zaidi siku za joto), mwanga (Dar mchana ni saa 12 tu, wao wanataka 14 hadi 16, kwa hiyo taa iwake kwa muda wa saa mbili hadi nne jioni), chakula cha kupunjwa, halafu ugonjwa.

Upande wa mboga hesabu ni fupi. Gharama ni mbegu, samadi na muda wako wa nusu saa kwa siku. Huwezi kutajirika na mita 15 za mraba, ila fedha ya fungu la kila siku inabaki ndani ya nyumba, na bonde la Msimbazi mjini Dar linapofurika na mboga zikaadimika sokoni, wewe bado unazo.

Nani yuko nyumbani?

Swali hili lingepaswa kuulizwa kwanza. Msiba ukitokea Tanga na nyumba nzima ikaondoka siku nne, matuta ya Aprili yanajimwagilia yenyewe. Kuku wanahitaji mtu asubuhi na jioni, anayejua tofauti ya kuku anayesinzia kwa joto na anayesinzia kwa ugonjwa. Kama uko kwenye nyumba ya kupanga, mwenye nyumba aulizwe kabla ya tofali la kwanza, na ofisi ya mtaa iulizwe kuhusu sheria ndogo za halmashauri. Jirani mwenye dirisha la jikoni linaloelekea bandani naye ana sauti, hata kama haipo kwenye karatasi.

Ukitaka vyote viwili

Mita za mraba 30 zinabeba matuta matatu na banda la kuku 15, mradi kuku wasifunguliwe kwenye matuta. Kuku mmoja anaharibu tuta la miche kwa dakika kumi. Hafuati mchicha, anafuata minyoo iliyo chini yake. Wapelekee wao: vikonyo vya mchicha, majani ya chini ya chainizi, matembele yaliyozeeka. Kisamvu kibichi, maharage mabichi na majani ya nyanya visiingie bandani, vina sumu.

Samadi ya kuku ndiyo faida kubwa ya kuwa na vyote, na ndiyo inayoharibu bustani nyingi. Ikiwa mbichi inaunguza mizizi, na kwenye mboga za majani inaacha vijidudu vya kuharisha. Ikiwa imechanganyika na maranda yasiyooza, inafanya kinyume: majani yanakuwa ya njano, kwa sababu maranda yanapooza yanavuta naitrojeni ya udongo. Rundika samadi na maranda yake pamoja na majani makavu na mabaki ya jikoni, rundo la mita moja kila upande, unyevu wa kitambaa kilichokamuliwa, lifunike mvua isilioshe. Geuza kila wiki mbili. Baada ya miezi miwili hadi mitatu harufu ya kuku inaisha, inabaki ya udongo wa msituni. Samadi ya kuku walioingia Juni inaiva kwa matuta ya vuli, Oktoba.